Kuungana na Kuunganishwa: Historia Fupi ya MeeGo

Tarehe 7 Februari 2011 matokeo ya mwisho ya kura ya maoni ya Sudan Kusini yalitangazwa mjini Khartoum: asilimia 98.83 ya waliopiga kura walichagua kujitenga. Siku nne baadaye, mjini London, muungano mwingine ulivunjika. Huo haukuwa na bendera wala mpaka, na hapa Nyakuron sidhani kama ulizungumzwa hata kwenye baraza moja, maana tulikuwa tumeshughulika na jambo kubwa zaidi. Ulikuwa muungano wa mifumo miwili ya simu, Maemo na Moblin, pamoja na jamii mbili za watu walioijenga. Jina la muungano huo lilikuwa MeeGo, na siku ulipovunjika ulikuwa umebakiza siku nne utimize mwaka mmoja.

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, tutazame vitenzi, kwa kuwa kisa hiki chote kimo ndani ya vitenzi viwili. Mzizi ni mmoja: unga. Kutokana nao tunapata kuunga, kuungana, kuunganisha na kuunganishwa. Wanafunzi wengi huvitumia kuungana na kuunganishwa kana kwamba ni neno moja lenye mavazi mawili. Sivyo. Watu wanaoungana wanatendeana. Kila mmoja ni mtenda na kila mmoja ni mtendwa. Watu wanaounganishwa wametendwa na mwingine, na sarufi yetu inaruhusu huyo mwingine asitajwe kabisa. Soma kisa hiki ukijiuliza, katika kila hatua, ni kitenzi kipi kinachostahili.

Maneno mengine mawili ni ya lazima. Mfumo endeshi ni ile programu ya msingi inayoamsha simu au kompyuta na kuziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi juu yake. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watunga programu, uko wazi: kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, kwa masharti ya leseni yake. Linux ndiyo mfano mashuhuri. Maemo na Moblin zote mbili zilijengwa juu ya Linux, kama nyumba mbili zilizosimama kwenye msingi wa namna moja.

Maemo ilizaliwa kwa kampuni ya Nokia ya Ufini. Ilianza mwaka 2005 katika kifaa kilichoitwa Nokia 770, kibao kidogo cha intaneti ambacho hakikuweza hata kupiga simu. Wakati huo huo sisi tulikuwa na Mkataba wa Amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na Nokia tulizozijua Juba zilikuwa zile za vitufe zenye betri ya kudumu siku kadhaa. Baada ya 770 zikafuata N800 na N810, na mwishoni mwa mwaka 2009 ikaja N900, kifaa cha kwanza cha Maemo kilichokuwa simu kamili.

Jambo la kutazamwa zaidi, kwa sisi tunaojifunza uraia, ni watu waliokizunguka kifaa hicho. Nokia iliwaalika watunga programu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali waandike programu za Maemo, nao wakaitikia. Walitafsiri, walirekebisha makosa, waliandika maelezo kwa wageni. Kuanzia mwaka 2008 walikuwa na baraza lao la watu watano lililochaguliwa kwa kura, likikaa kwa miezi sita kisha likachaguliwa upya. Haki ya kupiga kura haikununuliwa. Ilitokana na mchango wa mtu, uliohesabiwa kwa alama. Baraza hilo halikuwa na mamlaka juu ya Nokia. Lilikuwa sauti, na sauti si usukani. Hata hivyo lilikuwa baraza la kuchaguliwa, na waliolichagua walijiona kuwa wenyeji wa mahali fulani.

Moblin ilikuwa na tabia nyingine. Iliasisiwa mwaka 2007 na Intel, kampuni ya Marekani itengenezayo vichakato, yaani ule ubongo wa kompyuta. Intel ilikuwa na kichakato kipya kidogo kiitwacho Atom, nayo ilitaka mfumo endeshi utakaokibeba katika kompyuta ndogo za mapajani na, ikiwezekana, katika simu. Moblin ilipendeza macho, lakini wenyeji wake wengi walikuwa waajiriwa wa Intel. Mwezi Aprili 2009 Intel iliikabidhi Moblin kwa Wakfu wa Linux, chombo kisicho cha kibiashara, ili kampuni nyingine ziione kuwa ni mali ya wote.

Kwa nini basi wawili hawa walitafutana? Kwa sababu ya hofu, na hofu ni mshenga wa zamani. Simu ya iPhone ilikuwa imetoka mwaka 2007, na simu ya kwanza ya Android mwaka 2008. Nokia ilikuwa bado inauza simu nyingi kuliko kampuni yoyote duniani, lakini mfumo wake mkuu, Symbian, ulikuwa umezeeka. Intel kwa upande wake ilitawala kompyuta za mezani na za mapajani, lakini haikuwa na nafasi katika simu, kwa kuwa karibu simu zote zilitumia vichakato vya muundo wa ARM, na Nokia ilikuwa miongoni mwa walioutumia muundo huo. Mmoja alitaka kuuza simu, mwingine alitaka kuuza vichakato. Maslahi hayo yalikutana mahali pamoja kwa muda, lakini hayakuwa maslahi mamoja. Mwezi Juni 2009 kampuni hizo zilitangaza ushirikiano. Tarehe 15 Februari 2010, katika maonyesho makubwa ya simu mjini Barcelona, zikatangaza kwamba Maemo na Moblin sasa ni kitu kimoja, MeeGo, chini ya paa la Wakfu wa Linux.

Wanajamii wa Maemo hawakuulizwa. Wengi waliipata habari siku ile ile dunia ilipoipata.

Hapa naomba uvumilie mambo ya kiufundi kidogo, kwani ndani yake mna maumivu ya watu. Programu za Linux husafirishwa katika vifurushi, na ziko namna mbili kuu za kuvifunga: namna ya Debian na namna ya RPM. Maemo ilitumia ya Debian. Moblin nayo ilianza upande huo huo, lakini mwaka 2008 ilihamia RPM. Muungano ulipotangazwa, ilielezwa kwamba mizizi ya mfumo itatoka Moblin, pamoja na vifurushi vya RPM, na kwamba zana za kujengea sura ya programu zitakuwa Qt, ambayo Nokia ilikuwa imeinunua mwaka 2008 pamoja na kampuni ya Trolltech iliyoiunda. Kwa hiyo kila upande ulipoteza kitu. Watu wa Moblin waliacha zana walizozizoea za sura. Watu wa Maemo waliacha vifurushi vyao vyote.

Mtu asiyeandika programu anaweza kusema: vifurushi ni vifurushi, kuna nini? Lakini fikiria fundi aliyejenga duka lake kwa vipimo vya futi, kisha akaambiwa kuwa mji mzima sasa unapima kwa mita na milango yote lazima ikatwe upya kwa gharama yake. Tena hii haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2009 watu hao hao walikuwa wameambiwa waache zana za GTK walizotumia tangu mwanzo, wahamie Qt. Sasa mwaka 2010 waliambiwa waache Debian, wahamie RPM. Na waliokuwa wamenunua N900 miezi michache tu nyuma walielewa kwamba simu yao haingepata MeeGo kama bidhaa kamili kutoka Nokia. Ingebaki kifaa cha majaribio kwa wenye ujuzi.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaijua hali hii kutoka kwingine. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia usanifishaji huo katika makoloni ya Afrika Mashariki. Kimvita, lahaja ya Mombasa yenyewe, lahaja ya mshairi Muyaka bin Haji, kikawekwa kando katika mji wake. Siwezi kusema uamuzi ule ulikuwa mbaya. Bila usanifu pengine mwalimu wa Nyakuron asingeweza kutumia kitabu kilichochapwa Dar es Salaam. Lakini ulifanywa na maofisa na wamisionari, na wasemaji wa Kimvita waliunganishwa. Wala hawakuacha kutunga mashairi kwa lahaja yao.

Tofauti ni kwamba Kiswahili sanifu kilipewa miongo ya kukomaa. MeeGo ilipewa miezi. Toleo la kwanza, 1.0, lilitoka Mei 2010, la kompyuta ndogo za mapajani. La pili, 1.1, likatoka Oktoba. Muungano wa watengenezaji magari uitwao GENIVI uliichagua MeeGo kwa ajili ya skrini za magari, na mwezi Novemba hata AMD, mshindani wa Intel, ilijiunga. Mwezi huo huo watunga programu walikutana Dublin katika uwanja wa mpira wa Aviva, na kwa mtazamaji wa nje ilionekana kuwa nyumba imesimama.

Tuutazame uongozi wa nyumba hiyo. Juu kabisa palikuwa na kikundi cha uongozi wa kiufundi kilichoongozwa na watu wawili: Imad Sousou wa Intel na Valtteri Halla wa Nokia. Mikutano ilifanyika hadharani mtandaoni na kumbukumbu zilichapishwa, na hilo lilikuwa jema. Msimbo ulikuwa wazi. Milango ya kuchangia ilikuwa wazi. Lakini baraza la kuchaguliwa kama lile la Maemo halikuwapo. Uwazi ulikuwa mwingi kuliko mamlaka. Kila mtu aliweza kuona jikoni, ila wapishi wakuu walikuwa wawili, na kila mmoja alilipwa mshahara na kampuni yake. Hilo ndilo tundu la nyumba hii tangu mwanzo, kwa maoni yangu, kuliko RPM na Debian na Qt zote zikiwekwa pamoja.

Septemba 2010 Nokia ilipata mkurugenzi mkuu mpya, Stephen Elop, aliyetoka Microsoft. Mapema Februari 2011 waraka wake kwa wafanyakazi ulivuja: aliifananisha kampuni na mtu aliyesimama kwenye jukwaa la kuchimbia mafuta linalowaka moto baharini, ambaye hana budi kujitupa majini. Tarehe 11 Februari, mjini London, akiwa pamoja na Steve Ballmer wa Microsoft, alitangaza kwamba simu janja za Nokia zitahamia Windows Phone. MeeGo ingetoa simu moja mwaka ule, basi. Bei ya hisa za Nokia ilishuka kwa takriban asilimia 14 siku hiyo. Ilitangazwa katika magazeti kuwa huko Tampere, Ufini, wafanyakazi wengi waliondoka kazini mapema.

Sasa ziweke tarehe hizo mbili kando kwa kando, ya 7 na ya 11. Mkataba wa Amani wa 2005 ulikuwa na mlango wa kutokea. Uliandikwa ndani yake kwamba baada ya kipindi cha mpito cha miaka sita watu wa Kusini wataulizwa, na sheria ya kura hiyo ikaweka sharti kwamba angalau asilimia 60 ya waliojiandikisha wajitokeze ili kura iwe halali. Karatasi ya kura ilikuwa na picha mbili kwa ajili ya wasiojua kusoma: mikono miwili iliyoshikana kwa umoja, na mkono mmoja uliofunguliwa kwa kujitenga. Bibi asiyejua hata herufi moja aliweza kuushika mlango huo kwa kidole chake. Katika MeeGo mlango wa kutokea ulikuwapo pia, lakini kitasa kilikuwa upande wa wenye kampuni peke yao. Waliotumia usiku wao mwingi kuandika msimbo walisikia kitasa kikizungushwa.

Silinganishi uzito wa mambo hayo. Simu si nchi, na hakuna aliyezikwa kwa ajili ya MeeGo. Nalinganisha umbo la mapatano.

Simu moja iliyoahidiwa ilizinduliwa Singapore tarehe 21 Juni 2011, nayo ni N9. Mbele haikuwa na kitufe hata kimoja. Mtumiaji alitelezesha kidole kutoka ukingoni mwa kioo akahama kutoka kazi moja hadi nyingine. Wachambuzi waliisifu sana, ilhali kampuni haikuiuza katika masoko makubwa kama Marekani na Uingereza. Na ndani yake mlikuwa na siri isiyofichwa: jina lake rasmi lilikuwa MeeGo 1.2 Harmattan, lakini kwa uhalisia ilikuwa Maemo iliyoendelezwa, na vifurushi vyake vilikuwa vya Debian. Muungano ulikuwa kwenye lebo. Ndani, ndugu mmoja alikuwa hajahama chumba chake.

Intel ilibaki peke yake, kisha nayo ikaondoka. Mwishoni mwa Septemba 2011 ilitangazwa kwamba Intel na Samsung, chini ya paa lile lile la Wakfu wa Linux, zinaanzisha mfumo mwingine uitwao Tizen, ambao programu zake zingeandikwa kwa lugha za kurasa za wavuti. Kwa mara ya tatu katika miaka mitatu watu waliambiwa wahame: kutoka Qt kwenda HTML5. Nao waliisoma habari hiyo kama unavyoisoma wewe hapa, ikiwa imekwisha kuamuliwa.

Historia nyingi za MeeGo huishia hapo, na wanaozisimulia hutikisa kichwa. Mimi naona sehemu iliyobaki ndiyo yenye mafunzo zaidi kwa raia, kwa kuwa hapa ndipo leseni ilipofanya kazi yake. Kampuni iliweza kuondoa fedha, wafanyakazi na jina. Haikuweza kuondoa msimbo. Ule uhuru wa kusoma, kubadilisha na kusambaza haukuwa fadhila ya Nokia wala ya Intel. Ulikuwa haki iliyoandikwa, na haki iliyoandikwa hudaiwa hata baada ya aliyeiandika kuondoka.

Siku chache tu baada ya tangazo la Tizen, baadhi ya waliokuwa MeeGo waliukusanya msimbo wake wa msingi, wakaupunguza, wakauita Mer. Hilo lilikuwa jina la mradi wa zamani wa kuijenga upya Maemo kwa ajili ya vibao ambavyo Nokia ilikuwa imeviacha. Safari hii waliamua kazi ipangwe na kujadiliwa hadharani, wala isiwepo kampuni moja inayomiliki usukani. Huko Ufini, waliokuwa wafanyakazi wa Nokia walianzisha kampuni ndogo, wakaiita Jolla, neno la Kifini lenye maana ya mashua ndogo. Ukikumbuka lile jukwaa lililowaka baharini, utaelewa kicheko chao. Simu yao ya kwanza ilitoka Novemba 2013, ikiwa na mfumo wa Sailfish uliojengwa juu ya Mer. Hata hivyo mashua hiyo nayo haikuwa pepo: sehemu ya Sailfish inayoonekana na mtumiaji haikuwa huria yote, na mwaka 2015 kampuni ilipata dhiki kubwa ya fedha. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Mer yenyewe inaingizwa ndani ya Sailfish. Baada ya miaka minane, walioanza upya walikuwa tayari kwa muungano mwingine. Safari hii wengi wao walikuwa watu wale wale pande zote mbili, wanaofahamiana kwa majina.

Kuhusu kampuni kubwa, maneno machache yanatosha. Nokia iliuza biashara yake ya simu kwa Microsoft, na mauzo yakakamilika Aprili 2014. Windows Phone nayo haikudumu. Tizen haikuishinda Android katika simu, bali ilipata makazi katika televisheni za Samsung.

Na jamii ya Maemo, ile iliyokuwa na baraza la watu watano? Nokia ilipoacha kuilipia mitambo yake, wanajamii waliunda wakfu wao mwaka 2012 ili waipokee na kuitunza wenyewe, na baraza likaendelea kuchaguliwa. Baadaye wengine walianzisha Maemo Leste, mfumo unaoendeleza sura ile ya zamani juu ya Linux ya kisasa. Unafanya kazi katika simu kadhaa, N900 ya mwaka 2009 ikiwamo, na vifurushi vyake ni vya namna ya Debian, ile iliyoachwa Barcelona.